Spishi mpya ndani ya kizazi kimoja: mimea na hesabu za kromosomu

Haya asanteni, kaeni, na nyie mliosimama huko nyuma viti bado vipo huku mbele. Walionialika wameniomba niongee kuhusu utafiti wa mimea, kwa nini iko ya aina nyingi hivi na ilifikaje hapo. Badala ya kuwazungusha dunia nzima nitashika kitu kimoja tu ambacho ndicho ninachokifanyia kazi kila siku, yaani kromosomu, vile vijiuzi vilivyomo ndani ya kila seli vinavyobeba jeni. Najua neno lenyewe linawakumbusha mitihani ya bayolojia, vumilieni kidogo.

Sisi watu wa mimea kuna swali tunaulizwa kila tukikaa na watu: hiyo evolusheni mnayoisema nani aliwahi kuiona? Nani alikuwepo spishi mpya ikizaliwa? Anayeuliza anakuwa na uhakika kwamba hapo amekumaliza, maana shuleni wote tulifundishwa ni jambo la mamilioni ya miaka, pole pole, mdomo wa ndege unarefuka kidogo, kizazi kinapita, unarefuka tena kidogo. Na kwa wanyama wengi ndivyo ilivyo. Ila mimea ina njia nyingine ya mkato ambayo spishi mpya inatokea ndani ya kizazi kimoja au viwili, na imeonekana, ina mwaka, ina mahali, na wazazi wote wawili wanajulikana na mara nyingine bado wanaota pale pale jirani na mtoto wao.

Twende Uingereza kwanza. Kuna mmea mmoja mdogo wa maua ya njano, ukoo wa alizeti, unaitwa Senecio squalidus. Asili yake ni Sicily, kwenye miteremko ya mlima Etna, ile volkano, na wenyewe ni chotara wa spishi mbili za mlimani pale, moja ya juu na nyingine ya chini. Ukapelekwa Oxford ukapandwa kwenye bustani ya mimea, na kwa kuwa mbegu zake zina manyoya na zinapeperuka, kufikia mwishoni mwa karne ya 18 ulikuwa umeshatoroka unaota kwenye kuta za mji. Ukakaa hapo miaka mingi bila makuu yoyote. Halafu ikaja reli. Zile kokoto zinazotandikwa chini ya reli ni mawe makavu, hayashiki maji, mimea mingi hapo inakufa, lakini huyu katoka kwenye mawe ya volkano, kwake hapo ni nyumbani kabisa, na treni ikipita inavuta upepo unaobeba mbegu kutoka stesheni hii hadi ile, basi ukasambaa sehemu kubwa ya nchi.

Huko njiani ukakutana na ndugu yake Senecio vulgaris, gugu la kawaida ambalo mkulima analing'oa bila hata kuliangalia. Wakachavushana. Mtoto akapatikana, akakua vizuri tu, akatoa maua, lakini karibu tasa kabisa. Hapa sasa ndipo naomba tusimame, maana ukielewa hapa mengine yote yanajifungua yenyewe.

Squalidus ana kromosomu 20, vulgaris ana 40. Kila mzazi anatoa nusu, kwa hiyo mtoto anapata 10 huku na 20 kule, jumla 30. Kuishi na 30 sio shida, seli zinajigawa, jani linaota, maisha yanaendelea. Shida inakuja wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kwa sababu hapo kila kromosomu lazima imtafute mwenzake anayefanana naye wakae jozi, ndipo wagawanywe sawa, mmoja huku mmoja kule. Sasa chukua viatu vya watu wawili tofauti, vingine havina wenzao, uvitupe kwenye gunia moja halafu uambiwe uvipange jozi gizani. Haiwezekani, unapata makundi ya ovyo, hili lina kumi na mbili lile kumi na nane, na chavua inayotoka hapo nyingi haifai kitu. Ndio maana chotara wengi ni tasa, na ndio maana ndizi za kula hazina mbegu, nyingi zina seti tatu za kromosomu na tatu haigawanyiki kwa mbili hata ufanyeje.

Ila mara moja moja sana seli inakosea. Inatakiwa igawanyike, haigawanyiki, kila kromosomu inajinakili halafu zote zinabaki humo humo ndani. Zile 30 zinakuwa 60. Na ghafla kila kromosomu ina pacha wake! Upangaji wa jozi uliokuwa hauwezekani sasa ni rahisi kabisa, chavua inakuwa nzima, mayai yanakuwa mazima, yule tasa anaanza kuzaa.

Mwaka 1948 huko Wales kaskazini ukaonekana mmea wa namna hiyo, unaofanana nusu na huyu nusu na yule, na unatoa mbegu zinazoota. Mtaalamu Effie Rosser akauchunguza, akahesabu 60, na mwaka 1955 akaupa jina lake rasmi, Senecio cambrensis. Spishi ambayo haikuwepo duniani kabla ya squalidus kupanda treni. Na sio mara moja tu, miaka ya 1980 ikagundulika imezaliwa tena Edinburgh, mbali na Wales, kivyake kabisa, wazazi wale wale, hesabu ile ile. Hiyo ya Edinburgh ilikufa ndani ya miaka ya 1990, tutarudi kwenye kufa baadae.

Mtu atasema, sawa, lakini kwa nini mnaiita spishi, si chotara tu aliyepona? Swali zuri. Jaribu kumrudisha kwa mzazi. Mwenye 60 anatoa 30, vulgaris mwenye 40 anatoa 20, mtoto anapata 50, na hiyo 50 ni seti tano za kumi kumi, haina namna ya kukaa jozi, uzazi wake unavurugika tena. Yaani siku ile ile alipodabo, maana yake kromosomu zake zilipokuwa mara mbili, mlango wa kurudi kwa wazazi ukafungwa nyuma yake. Anazaa na wanaofanana naye, au anajichavusha mwenyewe. Mnyama hapo angekwama, maana wanyama wengi wanahitaji mwenza na mwenza hayupo, lakini mmea mwingi una dume na jike kwenye ua moja, na hata usipozaa mwaka huu unaweza ukaota tena kutoka kwenye mzizi ukasubiri. Sisemi wanyama hawafanyi kabisa, kuna vyura na samaki ambao mababu zao walidabo, ila kwa mimea hili ni jambo la kila ukoo.

Wazo lenyewe sio geni. Mwaka 1917 Mdenmark mmoja, Øjvind Winge, alikaa na orodha za hesabu za kromosomu akaona namba zinaruka kwa mpangilio, akasema bila shaka chotara wanadabo. Wakati huo kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, palishatokea primula chotara tasa, wanampanda kwa vipandikizi tu, halafu siku moja tawi moja la mmea huo huo likaanza kutoa mbegu. Walipokuja kuhesabu, 18 zimekuwa 36. Kule Urusi Georgy Karpechenko miaka ya 1920 akachukua figili na kabichi, kila mmoja ana 18, akawachavusha, chotara naye ana 18 lakini tasa, isipokuwa chache zilizodabo zikawa na 36 na zikazaa. Inasimuliwa kwa kucheka kwamba alitaka mizizi ya figili na majani ya kabichi, akapata kinyume chake. Mwisho wake lakini hauchekeshi, alikamatwa mwaka 1941 akapigwa risasi, kipindi ambacho kufanya jenetiki kule lilikuwa kosa la kisiasa.

Hesabu ninayoipenda kuliko zote ni ya Woo Jang-choon, mtafiti mwenye asili ya Korea aliyezaliwa Japani, ya mwaka 1935. Alichukua ukoo wa kabichi na haradali. Kuna spishi tatu za msingi: haradali nyeusi ambayo chavua yake, yenye nusu ya hesabu ya mmea, ina kromosomu 8, ya kabichi ina 9, na ya turnipu ina 10. Halafu kuna spishi nyingine tatu ambazo chavua zake zina 17, 18 na 19. Mnaiona? 8 na 9 ni 17, hiyo ni haradali ya Ethiopia. 8 na 10 ni 18, haradali ya kahawia. 9 na 10 ni 19, ile ya mafuta ya kanola. Akachora pembetatu, wazazi kwenye kona, watoto katikati ya kila upande. Akamchukua kabichi na turnipu akawachavusha mwenyewe akapata mmea kama ule wa 19, yaani akaitengeneza upya spishi ambayo watu walikuwa wanailima miaka na miaka bila kujua ilitoka wapi. Pembetatu ile mpaka leo inafundishwa vile vile, na walipokuja watu wa DNA miongo mingi baadae hawakubadilisha hata kona moja.

Ngano nayo ni hivyo hivyo, tena mara mbili. Ngano ya mkate ina 42, ambayo ni 14 tatu kutoka nyasi tatu tofauti: mbili za kwanza ziliungana porini zikadabo, halafu baada ya watu kuanza kilimo, kiasi cha miaka elfu nane mpaka kumi iliyopita, ikaongezeka ya tatu. Huyo mzazi wa tatu alitafutwa sana. Mwaka 1944 Hitoshi Kihara kule Japani akamtaja, na mwaka huo huo McFadden na Sears kule Marekani wakamtaja, jani lile lile, Aegilops tauschii, na nchi zao ziko vitani haziandikiani hata barua. Kahawa ya arabika pia, 44, chotara aliyedabo wa robusta na spishi nyingine ya porini yenye 22. Kwa kuwa ilianza na mimea michache mno, tofauti za jeni ndani yake ni ndogo sana hadi leo, ugonjwa ukiingia unakuta mimea yote imefanana.

Sasa tuje kwenye mfano ambao kama mtu ataniruhusu mmoja tu ndio nitauchukua. Marekani, mpakani mwa majimbo ya Washington na Idaho, kuna miji miwili midogo iko karibu karibu, Pullman na Moscow, ndio, kuna Moscow ya Idaho. Mwanzoni mwa karne ya 20 spishi tatu za mmea unaoitwa Tragopogon ziliingia kutoka Ulaya, mbili za maua ya njano na moja ya zambarau, zote zina kromosomu 12. Mwaka 1950 Marion Ownbey akatangaza spishi mbili mpya zenye 24 zinazoota kwenye viwanja vitupu na kando ya barabara pale. Wazazi hawakuwepo pamoja eneo lile kabla ya hapo, kwa hiyo umri wa watoto unajulikana, haufiki miaka mia. Baadae Pamela na Douglas Soltis na wenzao wakaja na DNA wakakuta kumbe kila spishi ilizaliwa mara nyingi, mji huu kivyake na mji ule kivyake. Pale Pullman moja ya hizo mama yake ni spishi A na baba B, kule Moscow kinyume chake, na unaona kwa macho, petali za upande mmoja ni ndefu na za upande wa pili ni fupi. Wakachimba zaidi wakakuta ndani ya vizazi kama 40 tu tayari mimea hiyo imeanza kutupa jeni za ziada, na mara nyingi inatupa zile zile, kila mji kivyake. Hilo linanisumbua kichwa mpaka leo, maana lina maana kwamba kuna sehemu ya historia ambayo mmea ukirudishwa mwanzo utaipita tena njia ile ile. Na kituko kingine, kule Ulaya walikotoka wazazi wale wanaota pamoja tangu enzi na enzi, lakini watoto hawa wa 24 hawajaota wakadumu huko. Kwa nini? Kuna maelezo kadhaa, hakuna linaloniridhisha.

Kazi yenyewe tunaifanyaje? Kwa kuhesabu, kikwelikweli. Unakata ncha ya mzizi, pale ndipo seli zinagawanyika kwa wingi, unailoweka kwenye dawa inayozuia kromosomu zisivutwe kwenda pande mbili, mara nyingi kolkisini, sumu inayotoka kwenye ua la Colchicum, halafu unaipaka rangi, unaiponda chini ya kioo kwa kidole gumba na unakaa kwenye hadubini macho yakutoke. Kolkisini hiyo hiyo ukimpa mmea mchanga inamdabo, tangu mwaka 1937 watu wanaitumia, na tikitimaji lisilo na mbegu lilitokana na hapo: unamdabo mmoja, unamchavusha na wa kawaida, mtoto ana seti tatu, tasa. Siku hizi kuna mashine, unakatakata kipande cha jani kwa wembe, unatia rangi inayong'aa, laser inapima DNA kwenye kila kiini, dakika chache umemaliza. Inasaidia sana lakini mi bado naamini kuhesabu, mashine inakuambia DNA ni nyingi, haikuambii zimepangwaje.

Na kuna kitu kizuri kwa mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye herbaria. Seli zenye DNA nyingi kwa kawaida ni kubwa, hasa zile mbili zinazofungua na kufunga tundu la jani. Kwa hiyo jani lililokaushwa karne ya 19 na mtu ambaye hajawahi hata kusikia neno kromosomu, mi naweza nikalipima leo nikakisia kama mmea ule ulikuwa umedabo. Ndio maana mkisikia mtu anasema makabati ya majani makavu ni mzigo yatupwe tubaki na picha za kompyuta, mzuieni.

Mnaweza mkadhani kudabo ni jambo la magugu na mazao tu. Hapana, liko chini ya kila ua mnaloliona. Mwaka 2013 ilisomwa jenomu, yaani DNA yote, ya Amborella, kichaka cha kisiwa cha New Caledonia ambacho ukoo wake ulijitenga na mimea mingine yote ya maua mwanzo kabisa. Ndani yake mna mabaki ya kudabo kwa zamani mno, kabla ukoo huo haujagawanyika na wengine, maana yake mimea yote ya maua duniani, na tunaongelea zaidi ya spishi 300,000, ni wajukuu wa mmea uliodabo. Wengine wakadabo tena na tena juu yake. Kuna mmea mdogo wa jamii ya kangaga (fern) hapo hapo New Caledonia, mwaka 2024 ulipimwa ukakutwa na DNA ya herufi bilioni 160, binadamu tuna bilioni 3 hivi, na ukiuona huwezi kuugeukia mara mbili. Wakati huo huo kuna mmea unaokula wadudu, Genlisea, una kama milioni 60 tu na anaishi vizuri. Wingi wa DNA sio akili wala sio cheo.

Kwenye kudabo faida ni nini basi? Hapo wenzangu tunagombana, tena sana. Wapo waliotoa hoja mwaka 2009, kundi la Yves Van de Peer kule Ubelgiji, kwamba kudabo kwingi kwa koo mbalimbali kunajikusanya karibu na miaka milioni 66 iliyopita, wakati dinosaria walipotoweka, kama vile waliodabo ndio waliohimili ile hali mbaya. Wengine wakaja mwaka 2011 wakasema hesabu zao zinaonyesha spishi zilizodabo karibuni zinakufa haraka kuliko zisizodabo. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa kweli: nyingi zinazaliwa, nyingi zinakufa hima, chache zinakuta dunia imevurugika na wenyeji wamedhoofika, hizo ndio zinashika nchi. Ila nakiri kuna marafiki zangu hapa ukumbini wananuna nikisema hivyo.

Nimesema nitarudi kwenye kufa. Huko York, Uingereza, mwaka 1979 kwenye maegesho ya magari karibu na stesheni ya treni kulionekana mtoto mwingine wa squalidus na vulgaris, huyu hakufika 60 kama cambrensis, ana 40 sawa na vulgaris, lakini anajichavusha na kuzaa, hachanganyiki kirahisi na wazazi. Mwaka 2003 akapewa jina, Senecio eboracensis, na kufikia wakati anapewa jina alikuwa ameshapotea mtaani, gugu la mjini, watu wa usafi wanapiga dawa. Mbegu chache zilikuwa zimehifadhiwa kwenye benki ya mbegu ya Kew, na mwaka 2023 zikaoteshwa, mmea ukarudishwa York.

Kuna mtu aliniandikia akauliza kwa nini pesa itumike kuokoa gugu ambalo lilizaliwa juzi na kwa sababu ya reli ya binadamu, si bora ziende kwenye miti ya maelfu ya miaka. Naelewa, na kama ni kuchagua mimi pia nitaanza na msitu. Lakini huyu hajaomba msitu, ameomba kipande cha kokoto na wiki chache bila dawa ya magugu, na ni moja ya spishi chache mno ambazo tunajua zilizaliwa wapi, lini, na wazazi wao wakiwa nani. Tukimpoteza mara ya pili hatutakuwa na pa kwenda kuangalia spishi inafanya nini katika miaka yake ya mwanzo mwanzo, na mimi maswali yangu mengi yako kwenye miaka hiyo.

Haya, maswali sasa, na kama mtu kaja na mmea wake kwenye mfuko auonyeshe, nimeona mmoja pale anauficha chini ya kiti.